Wasifu wa mwanafunzi: Usijidunishe, wala usidanganye

Kila muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wa vyuo humiminika katika maduka ya saiba kwenda kuchapisha barua na wasifu wa kutafutia nafasi. Wengine wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya kazini, yale ambayo chuoni huitwa atachimenti. Wengine wanatafuta kibarua cha likizo. Wengine wamebakisha mitihani michache tu wahitimu, nao wameanza kubisha milango ya waajiri mapema.

Nyuma ya kila mmoja wao kuna jamaa inayosubiri. Kuna mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa chamani ili karo ilipwe. Kuna deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambalo halimsahau mtu. Kuna wadogo wanaotazamia kwamba huyu akipata, nao watashikwa mkono. Matumaini yote hayo hutiwa katika karatasi moja au mbili, ambazo afisa wa kuajiri, akiwa na rundo zima mezani, huenda akazitupia jicho mara moja tu kabla ya kuchukua nyingine.

Inasikitisha basi kuona kwamba karatasi hizo mara nyingi hufanana kama mapacha. Mhudumu wa saiba ana nakala moja katika kompyuta yake. Akija mteja, hufuta jina la mtu wa jana na kuandika la mtu wa leo. Ndiyo maana kila mwombaji amekuwa "mchapa kazi hodari anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana", na kila mmoja burudani yake ni "kusoma vitabu, kusafiri na kutazama filamu".

Je, kwa nini mtu aliyefika chuoni akubali kuandikiwa habari zake na mtu asiyemjua? Jibu la wengi ni moja: "Mimi ni mwanafunzi. Sijawahi kufanya kazi. Nitaandika nini?"

Hofu hiyo ndiyo mzizi wa makosa mengi. Kuna anayeacha karatasi ikiwa nusu tupu. Kuna anayeijaza mambo yasiyo na maana, kuanzia jina la shule ya chekechea hadi dini ya babu. Na kuna anayeamua kudanganya. Ukweli ni kwamba wanafunzi wengi wana mambo ya kutosha ya kuandika, mradi wajue pa kuyatafuta na namna ya kuyasema.

Wasifu si hadithi ya maisha

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Wasifu, au CV kama ulivyozoeleka, ni orodha fupi ya elimu, kazi na ujuzi wa mtu, iliyopangwa ili mwajiri ajibiwe swali moja: je, huyu anaweza kunifanyia kazi ninayoitaka? Barua ya kuomba kazi ni kitu kingine. Barua inaeleza kwa nini unaitaka kazi ile na kwa nini unafaa. Wasifu unatoa ushahidi. Viwili hivi huenda pamoja, lakini kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kwa hivyo, wasifu si mahali pa kusimulia ulikozaliwa, mlivyo wangapi nyumbani na shida ulizopitia. Hayo yanaweza kuwa ya kweli na ya kugusa moyo, lakini hayamsaidii mwajiri kujua kama unaweza kuandika hesabu au kutengeneza pampu ya maji.

Anza na daftari, usianze na saiba

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari na kalamu. Keti na mtu anayekufahamu vyema, awe mama, baba, dada au rafiki mliyesoma naye. Andika kila shughuli uliyowahi kuifanya kwa bidii tangu kidato cha kwanza, iwe ya malipo au ya bure. Usichuje bado. Andika tu.

Jiulize maswali haya. Ni nani aliwahi kuniaminia pesa zake au mali yake? Ni nani niliwahi kumfundisha jambo? Ni kitu gani nilichokianzisha, nikakitengeneza au kukipanga? Ni wakati gani watu walinitegemea nami nikafika kila siku kwa wakati?

Mara nyingi jamaa wako wataona kazi pale ambapo wewe huoni chochote. Mama atakumbuka kwamba shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wewe ndiwe uliyekuwa ukiamka alfajiri kwenda sokoni kuleta mboga za kibanda, na hukuwahi kurudi na chenji pungufu. Ndugu yako atakumbuka kwamba uliwafundisha watoto watatu wa jirani hisabati likizo nzima. Mwenzako atakumbuka kwamba kundi lenu lilipofika tamasha za kitaifa za drama, wewe ndiwe uliyekuwa ukiweka orodha ya mavazi na vifaa, na hakuna kilichopotea.

Hizo ni kazi. Hazikuwa na barua ya kuajiriwa wala hati ya mshahara, lakini zilidai uaminifu, mpango na subira, mambo ambayo mwajiri anayatafuta usiku na mchana.

Tuchukue mfano

Tuseme kuna msichana anayesomea diploma ya uhasibu, mwaka wa pili, katika chuo kimoja jijini Nairobi. Anataka nafasi ya atachimenti katika ofisi ya wahasibu. Wasifu wake wa kwanza, ule wa saiba, katika sehemu ya uzoefu una maneno mawili tu: "Sina uzoefu". Halafu chini yake kuna sentensi inayosema ni kijana mwaminifu na mwenye bidii.

Tukimketisha na daftari, tunapata kwamba mamake yumo katika chama cha akina mama wa mtaani, na kwa kuwa msichana huyu anasomea hesabu, wamemwachia kazi ya kuandika michango. Likizoni humsaidia shangazi yake kuuza katika duka. Chuoni ndiye mwakilishi wa darasa. Sasa tazama sehemu ile ile ikiandikwa upya:

"Mwandishi wa hesabu wa kujitolea, chama cha akina mama, Januari 2024 hadi sasa. Naandika michango ya wanachama 18, kila mmoja Sh1,000 kwa mwezi. Nilihamisha hesabu kutoka daftarini hadi kwenye Excel. Kila mwisho wa mwezi natoa taarifa ya michango, mikopo na madeni.

"Muuzaji wa likizo, duka la rejareja, Aprili, Agosti na Desemba 2024. Nilipokea malipo ya pesa taslimu na ya M-Pesa, na kulinganisha mauzo na pesa zilizopo kila jioni. Nilihesabu bidhaa kila Jumamosi.

"Mwakilishi wa darasa, mwaka wa kwanza hadi sasa. Napeleka maswali ya wanafunzi 42 kwa wahadhiri na kupanga ratiba ya marudio kabla ya mitihani."

Hakuna uwongo hapo hata neno moja. Msichana hakujiita "mhasibu mkuu" wala "meneja wa mauzo". Lakini mhasibu akisoma maneno haya, anaona mtu ambaye tayari ameshika Sh18,000 za watu kila mwezi na kuzitolea hesabu. Neno "mwaminifu" halikuandikwa mahali popote, na bado uaminifu unaonekana.

Siri iko katika mambo matatu. La kwanza ni kitenzi: sema ulifanya nini hasa, kama vile niliandika, nilihesabu, nilipanga, nilifundisha, nilitengeneza. La pili ni kipimo: watu wangapi, mara ngapi, kwa muda gani, pesa kiasi gani. La tatu ni matokeo, yaani kitu gani kilibadilika kwa sababu ulikuwapo. Si kila kazi itakuwa na matokeo ya kujivunia, na si lazima kuyabuni. Kitenzi na kipimo peke yake vinatosha kukutofautisha na rundo.

Mwanafunzi wa kilimo aliyefuga kuku 40 nyumbani aandike idadi yao, chakula alichotumia na jinsi alivyowakinga na ugonjwa. Mwanafunzi wa ualimu aliyefundisha madrasa au shule ya Jumapili aandike umri wa watoto na idadi yao. Wa uanahabari aliyetangaza mechi katika redio ya chuo aandike ni mechi ngapi. Wa umeme aliyekuwa akimbebea fundi vifaa aandike kwamba alimsaidia fundi, wala asijiite fundi.

Waama, wasifu mwingi nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa pale kazi yenyewe ni ya Kiswahili, kama vile kutafsiri au kutangaza. Hata hivyo, kanuni ni ile ile katika lugha yoyote. Unaweza kufikiri kwa Kiswahili kwanza, ukapata ukweli wako ukiwa umenyooka, kisha ukauandika kwa Kiingereza chepesi. Kiingereza cha kuazima chenye maneno makubwa humtega mwenyewe siku ya mahojiano.

Mpangilio unaofaa

Mwanafunzi anahitaji ukurasa mmoja, na usizidi miwili. Juu kabisa weka jina lako, nambari ya simu inayopatikana, anwani ya barua pepe na mji unaoishi. Anwani ya barua pepe iwe ya jina lako. Ile uliyoifungua kidato cha pili kwa jina la utani wa mapenzi au la mchezaji wa Arsenal iache kwa marafiki.

Chini yake weka elimu, kwa maana kwa sasa hiyo ndiyo mali yako kubwa. Anza na ya karibuni: chuo, kozi, na mwezi na mwaka unaotarajia kumaliza. Taja masomo matatu au manne yanayohusiana na kazi unayoomba, na matokeo yako ikiwa yanapendeza. Kisha shule ya upili na alama ya wastani ya KCSE. Matokeo ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, hayana kazi hapa.

Halafu yafuate yale uliyoyafanya, yaani kazi, atachimenti na shughuli za kujitolea, nayo pia yakianza na la karibuni. Ikiwa tayari umefanya atachimenti, usiandike tu jina la ofisi na tarehe. Rudi kwenye daftari la kumbukumbu ulilokuwa ukijaza kila siku na kutiwa sahihi na msimamizi. Daftari hilo ambalo wanafunzi wengi hulitupa baada ya kupata alama ndilo ghala la wasifu. Humo mmeandikwa ni mashine zipi ulizozishika na ni faili ngapi ulizozipanga.

Baadaye weka ujuzi. Hapa pia usiseme "najua kompyuta". Taja programu na unachoweza kuifanyia. Taja lugha, ikiwamo lugha ya mama. Wengi huiona haya, lakini shirika linalokwenda kufanya kazi Turkana au Kwale linahitaji mtu atakayezungumza na wazee bila mkalimani. Anayejua lugha ya ishara asisahau kuitaja.

Mwisho weka wadhamini, yaani watu ambao mwajiri anaweza kuwauliza habari zako. Wawili au watatu wanatosha: mhadhiri anayekujua kwa jina, msimamizi wako wa atachimenti, mwenyekiti wa chama, au kiongozi wa kanisa au msikiti aliyekupa kazi ukaifanya. Usiweke mjomba wako. Usiweke mheshimiwa mbunge ambaye hawezi kukutambua barabarani. Na la muhimu zaidi, waombe ruhusa kwanza na uwajulishe ni kazi gani unayoomba. Mdhamini anayepigiwa simu bila habari akauliza "Nani huyo?" amekwisha kukuharibia.

Yasiyohitajika

Kuna mazoea ya zamani ya kuandika dini, kabila, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho, na kubandika picha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi kama vile dini, jinsia, asili ya kikabila, ujauzito au ulemavu, na katazo hilo linagusa hata hatua ya kuajiri. Kwa nini basi umpe mambo hayo kabla hajayauliza?

Hata hivyo, usichanganye wasifu na fomu. Idara za serikali huuliza kabila na kaunti katika fomu zao kwa sababu Katiba ya 2010 inataka utumishi wa umma uwe na sura ya Kenya nzima. Fomu ikiuliza, jaza. Vivyo hivyo, mtu mwenye ulemavu anaweza kuamua kuutaja, hasa anapoomba kazi ya umma, maana Katiba hiyo hiyo inaelekeza kwamba angalau asilimia 5 ya nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa zitengewe watu wenye ulemavu hatua kwa hatua. Uamuzi ni wake.

Nambari ya kitambulisho ni jambo la kuangaliwa sana. Wasifu wako utapita mikononi mwa watu wengi usiowajua, na huko saiba hubaki katika kompyuta ambayo kila mtu anaitumia. Walaghai hawahitaji zaidi ya hapo.

Kuna pia suala la vyeti vya kuidhinishwa, kama vile cha polisi cha mwenendo mwema, cha HELB na cha ushuru. Vijana wengi walikuwa wakitumia pesa nyingi kuvitafuta vyote kabla hata ya kuitwa mahali popote. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalisema mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kumpa mtu mkataba. Soma tangazo, na usikimbilie kulipia karatasi ambazo hazijahitajika.

Uwongo una mkia mrefu

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Mashindano ni makali, na kuna sauti inayomnong'oneza kijana: ongeza kidogo, nani atajua? Badilisha C iwe B. Sema ulifanya kazi mwaka mzima ilhali ni mwezi mmoja. Kuna hata wanaouza vyeti kwa siri, na jijini si vigumu kusikia fununu za mahali vinapotengenezwa.

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa umma. Zaidi ya watumishi 2,000 walipatikana wakiwa na vyeti ghushi. Baadhi ya watu wa namna hiyo huwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto, wakadhani ile karatasi ya zamani imesahaulika. Kughushi stakabadhi ni kosa la jinai, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imekuwa ikiwapeleka watu kama hao mahakamani na kudai warudishe mishahara yote waliyolipwa. Fikiria mtu wa miaka 45 akiambiwa arudishe mshahara wa miaka 10. Mzigo huo haumwangukii peke yake. Unaiangukia nyumba nzima.

Baraza la Mitihani, KNEC, huweka kumbukumbu za matokeo na humthibitishia mwajiri anayeuliza. Alama uliyoibadilisha kwa dakika mbili inaweza kugunduliwa kwa barua moja.

Hata uwongo mdogo hujulikana upesi. Ukiandika kwamba wewe ni mtaalamu wa Excel, usishangae siku ya mahojiano kuwekwa mbele ya kompyuta na kuambiwa uonyeshe. Kanuni nzuri ni hii: usiandike jambo lolote ambalo huwezi kulizungumzia kwa dakika tatu bila jasho kukutoka.

Pengo halina haja ya kuzibwa kwa uwongo. Kama uliahirisha masomo mwaka mmoja kwa kukosa karo, andika tarehe kama zilivyo, na kama ulikuwa ukifanya kibarua wakati huo, kiandike. Katika nchi hii, mtu aliyebeba mawe mjengoni ili arudi chuoni hana la kuficha.

Kila tangazo na wasifu wake

Kosa jingine ni kuchapa nakala 50 za wasifu mmoja na kuzisambaza kama vijikaratasi vya mkutano. Kazi hazifanani. Soma tangazo mara mbili, upigie mstari mambo wanayoyataka, kisha upange upya wasifu wako ili yale yanayolingana na tangazo yawe juu. Hubadilishi ukweli, unabadilisha kinachotangulia.

Jambo hili si geni. Mnamo mwaka 1482 hivi, Leonardo da Vinci, ambaye dunia inamjua kwa uchoraji, alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, akitafuta kazi. Leonardo hakuanza na picha. Alitaja madaraja mepesi ya kubebwa, mizinga, na namna za kuvunja ngome. Uchoraji aliutaja karibu na mwisho. Alijua anayemwandikia anahitaji nini.

Isitoshe, baadhi ya kampuni kubwa hupokea maombi kupitia tovuti zao na kuyapitisha kwanza katika programu inayotafuta maneno yaliyomo katika tangazo. Ikiwa wametaka mtu wa "kulinganisha hesabu za benki", nawe umefanya kazi hiyo, tumia maneno yao hayo hayo. Epuka pia majedwali, picha na mapambo ya rangi, kwa sababu programu nyingine hushindwa kuyasoma.

Kuhusu programu za akili unde ambazo wanafunzi wengi siku hizi huziachia kazi ya kuandika, zinaweza kukusahihishia tahajia na sarufi. Lakini ukiiambia tu "niandikie wasifu", itakupa sifa zile zile inazowapa wengine, na pengine ikuzushie kazi ambazo hukuzifanya. Hapo utakuwa umeondoka kwa mhudumu wa saiba ukaenda kwa mhudumu mwingine. Programu haiwezi kujua habari za chama cha mama yako.

Usafi wa karatasi

Ukimaliza kuandika, usitume usiku ule ule. Ulaze. Asubuhi usome kwa sauti, kisha umpe mtu mwingine asome. Kosa la tahajia katika jina la kampuni unayoiomba kazi linatosha kukuondoa. Hakikisha nambari ya simu haijakosewa hata tarakimu moja.

Tumia herufi za kawaida zisizo ndogo mno. Hifadhi nakala katika PDF ili mpangilio usivurugike, na uipe faili jina lako kamili, badala ya "CV mpya ya mwisho kabisa 2". Ukiandikia saiba, jitumie nakala kwa barua pepe, kisha ufute iliyobaki kwenye kompyuta yao na utoke kwenye akaunti yako.

Baada ya kutuma, pokea simu kwa adabu hata kama ni nambari usiyoijua. Wengi wamekosa nafasi kwa kujibu "Eeh, nani?" katikati ya kelele za matatu.

Neno kwa wazazi

Wazazi wengi husema, "CV ni bure, kazi siku hizi ni kujuana." Haifai kujifanya hatujui kwamba upendeleo upo. Lakini hata mtu akikutajia nafasi kwa sababu anamjua baba yako, neno linalofuata huwa "Basi anitumie CV." Kijana asiye na wasifu uliokamilika siku hiyo atakwenda saiba mbio, na kuandikiwa maisha ya mtu mwingine.

Msaada wa mzazi hauhitaji pesa nyingi. Kaeni naye jioni moja mkumbushane aliyoyafanya. Mpe kazi ya kweli nyumbani au katika biashara, yenye majukumu na hesabu, halafu umdai taarifa kama unavyomdai mfanyakazi. Msimtume aongeze alama, wala msimcheke kwa kuandika kibanda cha mboga.

Na tafadhali, msitoe pesa. Anayedai Sh3,000 za "fomu" au za "matibabu" kwa M-Pesa kabla ya mahojiano ni tapeli. Anayedai hongo ili jina lipite anatenda kosa chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, na anayeitoa pia.

Kwa wewe uliye mwaka wa kwanza, una bahati ya kuwa na wakati. Tenga kurasa chache za daftari leo, uandike tarehe, na kila mwisho wa mwezi uongeze lile ulilolifanya na nani aliliona. Kwa wewe unayetakiwa kutuma maombi wiki ijayo, kazi ya jioni hii ni ndogo: ufute "sina uzoefu", umwite mama au rafiki aketi karibu nawe, na uandike mstari mmoja wa kweli wenye kitenzi na kipimo. Ukishaupata huo, wa pili hautakuwa mgumu.